Gari Lililoinuliwa: Kila Sentimeta Ina Bei Yake

Apitaye leo katika barabara za Arusha, Dodoma au Nairobi hakosi kukutana na gari dogo la Kijapani lililoinuliwa. Tumbo lake liko juu kuliko lilivyokuwa lilipotoka kiwandani. Matairi yake ni manene yenye meno makubwa. Na juu ya paa imefungwa keria ya chuma iliyosheheni madumu, hema na tairi la akiba. Mwenyewe hulitazama kwa fahari, na wanafunzi wa sekondari husimama kando ya njia wakiulizana: je, gari hili laweza kupita wapi ambapo gari la kawaida haliwezi?

Swali hilo ni swali la fizikia, na sehemu kubwa ya jibu lake yapatikana kwa hesabu za kidato cha tatu na cha nne. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi gari linaloendeshwa na magurudumu yote linavyofanya kazi, nini hutokea linapoinuliwa, na kwa nini inampasa mwenye gari kushika kalamu na karatasi kabla ya kumpelekea fundi fedha zake. Nina sababu ya kulisema jambo hili. Niliwahi kuinua gari langu pasipo kufanya hesabu, ilhali kazi yangu ya kila siku ni kufundisha hesabu hizo hizo.

Safari ya Ngare Sero

Mwezi Septemba 2021 nilisafiri na wanafunzi wangu wawili kutoka Mto wa Mbu, kupitia Engaruka, hadi kijiji cha Ngare Sero chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Nia yetu ilikuwa kupima joto la chemchemi zilizo kando ya Ziwa Natron. Njia hiyo hupita katika nchi ya jivu la volkano, nayo hukatwa mahali pengi na makorongo ambayo huwa makavu wakati wa kiangazi na hufurika kwa saa chache wakati wa mvua.

Gari letu lilikuwa la aina ya stesheni, la toleo la zamani, linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Miezi miwili kabla ya safari nilikuwa nimemwomba fundi aliinue kwa sentimeta 5 kwa kutia spesa, yaani vipande vya chuma vinavyowekwa juu ya shokapu na springi. Fundi aliniuliza swali moja tu: “Mwalimu, na hiyo keria utabeba nini juu yake?” Nilimjibu kwamba nitabeba vitu vya safari, na shauri likaishia hapo. Siku ya safari tulikuwa na madumu matatu ya maji ya lita 20 kila moja, tairi la akiba, hema na kamba zake. Pamoja na keria yenyewe, mzigo wa juu ulifika kama kilo 100.

Baada ya Engaruka tulikuta korongo ambalo mvua zilizopita zilikuwa zimeimega kingo yake. Nililiingia kwa mshazari, nikidhani kwamba ni salama zaidi kuliko kushuka wima. Gurudumu la mbele upande wa chini likazama katika ufa, na la nyuma upande wa juu likapanda jiwe kisha likaning’inia hewani. Gari likalala ubavu kiasi ambacho niliiona ardhi kupitia dirisha la mwanafunzi aliyekaa kushoto kwangu. Nilipokanyaga mafuta, gurudumu lililoning’inia lilizunguka bure, na gari halikusogea hata hatua moja.

“Dokta, tushuke?” aliuliza mwanafunzi aliyekaa nyuma. Nikawaambia washuke mmoja mmoja kwa mlango wa upande wa juu. Kwa muda wa dakika moja hivi sikujua kama gari lingebaki limesimama.

Wakati huo alitokea mama mmoja wa Kimaasai akiswaga punda watatu waliobeba maji. Alilitazama gari, akatutazama na sisi, kisha akasema kwa utaratibu, “Baba, shusheni kwanza vile vya juu. Hata punda ukimpakia juu ya mgongo huanguka hapa hapa.” Nikawatazama punda wake. Madumu yote yalikuwa yamening’inizwa ubavuni, kulia na kushoto, chini ya usawa wa mgongo. Tulishusha mzigo, tukajaza mawe chini ya magurudumu mawili, nasi tukatoka. Jioni ile kambini nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya miezi miwili nyuma. Hebu tuifanye pamoja, tukianza na swali la kwanza: kwa nini gari lenye nguvu katika magurudumu manne lilishindwa kusogea?

Difu hutoa na hunyima

Gari likata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kama magurudumu hayo mawili yangefungwa katika chuma kimoja, moja lingelazimika kuteleza. Ili kuepuka jambo hilo hutumika difu, mpangilio wa gia unaoyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni difu kwa ajili ya magari ya mvuke katika miaka ya 1820, yaani kabla ya motokaa ya petroli kuwako.

Difu ya kawaida ina tabia moja ambayo dereva hana budi kuijua: huyagawia magurudumu yake mawili nguvu ya kuzungusha iliyo sawa sawa. Ikiwa gurudumu moja liko katika tope na laweza kusukuma ardhi kwa nyutoni 300 tu kabla ya kuteleza, basi hata mwenzake aliye juu ya mwamba mkavu atapata nyutoni 300, wala hazidi. Jumla ni nyutoni 600. Gari la kilo 1,600 kupanda mlima unaoinuka meta 1 kwa kila meta 10 lahitaji karibu nyutoni 1,570. Halitapanda, hata kama injini yake ina nguvu za farasi 200.

Gari linaloendeshwa na magurudumu yote huwa na difu mbele, difu nyuma, na chombo cha tatu katikati kinachogawa nguvu baina ya mbele na nyuma. Zote tatu zikiwa za kawaida, gurudumu moja likining’inia hewani latosha kuyanyima nguvu yale matatu yaliyobaki. Ndiyo maana watengenezaji hutia vifaa vya kuzuia jambo hilo. Magari mengine hutumia mafuta mazito ya silikoni katika chombo cha kati: mafuta hayo hukaza sehemu ya mbele na ya nyuma zinapoanza kuzunguka kwa mwendo tofauti. Mengine huwa na swichi ya kufunga difu kabisa. Magari mapya mengi hutumia kompyuta kulipiga breki gurudumu linalozunguka bure, na kwa njia hiyo kulilazimisha lile jingine lipewe nguvu. Gari langu lilikuwa na chombo cha kati cha mafuta mazito, lakini difu zake za mbele na za nyuma zilikuwa za kawaida.

Hapa twapata funzo la kwanza. Gari huvutwa na gurudumu lililo ardhini. Spesa nilizotia ziliinua mwili wa gari, lakini hazikuongeza hata kidogo mwendo wa shokapu kwenda juu na chini. Gurudumu liliponing’inia juu ya ufa halikuweza kuifuata ardhi zaidi ya lilivyoweza kabla sijalipa fedha.

Jambo jingine lafaa kukumbukwa. Magurudumu manne yanayovuta humsaidia dereva kuondoka na kupanda, hayamsaidii kusimama. Kila motokaa ya leo hupiga breki kwa magurudumu manne, iwe inavutwa na mawili au na yote. Anayekimbia katika utelezi kwa kuwa gari lake lavuta vizuri atagundua kosa lake wakati wa kufunga breki.

Kitovu cha uzito kinapopanda

Sasa tuje kwenye swali la pili, lile lililonifanya nikose usingizi. Gari lilikuwa mbali kiasi gani na kupinduka?

Uzito wa gari lote waweza kuchukuliwa kana kwamba umekusanyika katika nukta moja, ambayo huitwa kitovu cha uzito. Tukichora mstari wima kutoka nukta hiyo kwenda chini, gari litasimama mradi mstari huo unaangukia kati ya matairi ya kushoto na ya kulia. Ukivuka tairi la upande wa chini, gari hupinduka. Kwa hiyo mambo mawili tu huamua: upana, yaani umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia, tuuite u, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, tukiite k. Pembe ambayo gari laanza kupinduka ni ile ambayo tanjenti yake ni u gawanya kwa 2k. Uwiano huo wenyewe ni kipimo kizuri cha uthabiti. Marekani ilianza kuutumia mwaka 2001 katika kuwaarifu wanunuzi juu ya hatari ya magari mbalimbali kupinduka.

Tuchukue gari lenye upana wa sentimeta 150 na kitovu cha uzito kilicho sentimeta 60 juu ya ardhi. Hivi ni vipimo vya kukadiria, lakini haviko mbali na magari ya aina tunayoizungumzia.

Lilipotoka kiwandani: 150 gawanya kwa 120 ni 1.25. Pembe ni nyuzi 51.

Baada ya kuinuliwa sentimeta 5, kitovu chafika sentimeta 65: 150 gawanya kwa 130 ni 1.15. Pembe ni nyuzi 49. (Kwa kweli kitovu hupanda pungufu kidogo ya sentimeta 5, maana spesa haziyainui magurudumu yenyewe, lakini tofauti hiyo ni ndogo.)

Sasa tuongeze mzigo wa kilo 100 juu ya paa, kwa kimo cha sentimeta 190, katika gari ambalo pamoja na abiria lina kilo 1,600. Kitovu kipya hupatikana kwa kuzidisha kila uzito kwa kimo chake, kujumlisha, na kugawanya kwa uzito wote:

(1,600 × 65 + 100 × 190) ÷ 1,700 = sentimeta 72.4

Uwiano ni 150 gawanya kwa 144.8, yaani 1.04. Pembe imeshuka hadi nyuzi 46.

Msomaji na aitazame hesabu hii tena. Kuinua gari kulipandisha kitovu kwa sentimeta 5, na angalau kulinipa sentimeta 5 za nafasi chini ya tumbo la gari. Mzigo wa keria ulikipandisha kwa sentimeta 7 nyingine na zaidi, wala haukunipa nafasi yoyote. Kati ya mambo mawili niliyolifanyia gari langu, lile ambalo sikulifikiria hata kidogo ndilo lililokuwa na hatari kubwa zaidi. Fundi alikuwa amelifikiria, na mwenye punda alilijua. Aidha, kitabu cha gari huandika kikomo cha mzigo wa paa, kikomo ambacho katika magari madogo mengi hakifiki kilo 100. Nilikuwa nimekipita.

Mtu aweza kusema kwamba nyuzi 46 bado ni nyingi, maana hakuna njia yenye mteremko wa ubavu wa namna hiyo. Tuliipima kingo ya lile korongo kwa simu ya mkononi: ilikuwa na nyuzi 18 tu. Lakini gurudumu la chini lilizama sentimeta 20 na la juu lilipanda jiwe la sentimeta 20. Tofauti ya sentimeta 40 katika upana wa sentimeta 150 huongeza nyuzi 15. Hivyo tulikuwa na nyuzi 33. Nazo springi za upande wa chini hubonyea, matairi hulala, abiria huegemea upande ule ule, na madumu ya maji yaliyofungwa kwa kamba huchezacheza. Kila kimoja hula nyuzi kadhaa. Hesabu ya karatasini huchukulia gari kuwa kama sanduku gumu; gari halisi hupinduka mapema kuliko sanduku.

Hatari hiyo haiko makorongoni tu. Katika kona, mwendo ambao gari laweza kupinduka hupatikana kwa kuzidisha uwiano wetu kwa mvutano wa dunia (9.8) na kwa nusukipenyo cha kona, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwa kona ya nusukipenyo cha meta 40, gari lenye uwiano wa 1.25 hufika kikomo kwa kilometa 80 kwa saa, lenye 1.04 hufika kwa kilometa 73. Katika barabara ya vumbi matairi kwa kawaida huteleza kabla ya kufika hapo, na dereva hudhani yu salama. Lakini gari linaloteleza kwa ubavu likikwazwa na mtaro, jiwe au kingo laini, tairi husimama ghafla na mwili huendelea. Hivyo ndivyo yapindukavyo magari mengi yaliyo peke yake barabarani.

Bei nyingine zisizoonekana

Ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu huwa na jointi zinazopinda, zilizofunikwa kwa mipira iliyojazwa grisi. Gari likiinuliwa, difu hupanda pamoja na mwili ilhali gurudumu hubaki chini. Jointi sasa hufanya kazi ikiwa imepinda zaidi wakati wote, hata barabarani. Mpira hukunjika, huchanika, grisi humwagika, vumbi huingia, na baada ya muda mfupi hisikika mlio wa kugongagonga wakati wa kukata kona. Mafundi wajuao kazi hupunguza tatizo hili kwa kuishusha pia fremu inayobeba difu na injini. Lakini hapo sehemu ya ile nafasi iliyonunuliwa chini ya gari hurudishwa dukani, kwa namna ya kusema.

Matairi makubwa nayo yana hesabu yake. Tukibadili tairi la kipenyo cha sentimeta 68 kwa tairi la sentimeta 72, gari hupanda kwa sentimeta 2 tu, yaani nusu ya ongezeko la kipenyo. Lakini kila mzunguko sasa hulipeleka gari mbali zaidi kwa karibu asilimia 6. Mita ya mwendo haijui habari hiyo: ikionyesha kilometa 80, kwa kweli gari laenda karibu 85. Hali kadhalika, nguvu ya kusukuma ardhi hupungua kwa kadiri hiyo hiyo, maana nguvu ya ekseli imepewa mkono mrefu zaidi. Na katika gari linaloendeshwa na magurudumu yote, matairi yote manne sharti yawe na mzingo mmoja. Tairi moja jipya likichanganywa na matatu yaliyokwisha, chombo cha kati huamini kwamba kuna gurudumu linateleza siku zote. Hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto, na hatimaye huharibika.

Kuna pia taa, ambazo baada ya kuinuliwa huwamulika machoni wanaokuja, nazo hazina budi kurekebishwa. Kuna breki, ambazo huzuia gurudumu kubwa kwa shida zaidi. Na kuna bima: mabadiliko ya namna hii yaelezwe kampuni ya bima kabla ya ajali, si baada yake.

Mwanafizikia jangwani

Je, basi gari lisibadilishwe kabisa? Ili kulijibu swali hili yafaa turudi nyuma karibu miaka 100, katika jangwa lililo kati ya Misri na Libya. Huko afisa wa jeshi la Uingereza aitwaye Ralph Bagnold, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1896, alitumia likizo zake katika miaka ya 1920 na ya 1930 kusafiri na wenzake kwa magari ya Ford, aina ya Model T na baadaye Model A. Magari hayo yalisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Ni kweli kwamba magari ya siku hizo yalikuwa na tumbo la juu tangu kiwandani, kwa sababu barabara zilikuwa mbaya kila mahali. Lakini njia za mchanga ambazo watu walisadiki kwamba hazipitiki kwa motokaa, wao walizipita, na jitihada yao haikuwa ya kuyainua magari.

Kwanza waliyapunguzia uzito kwa kuondoa sehemu za bodi zisizokuwa na kazi. Pili walipunguza upepo wa matairi. Tatu walibeba mabamba marefu ya chuma ya kutandika chini ya magurudumu yaliyozama. Nne waliunganisha rejeta na chombo cha maji kwa mpira, ili mvuke uliotoka kwa joto ugeuke maji tena na usipotee. Jangwani maji ya rejeta ni yale yale ya kunywa. Katika safari hizo Bagnold alianza kujiuliza jinsi upepo unavyosafirisha mchanga, akafanya majaribio, na mwaka 1941 kikatoka kitabu chake juu ya fizikia ya mchanga unaopeperushwa, kitabu ambacho wataalamu wangali wakikitumia. Mwaka 1944 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London.

Kwetu Afrika Mashariki tunao mfano ulio karibu zaidi. Joginder Singh wa Kenya alishinda mashindano ya Safari Rally mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, katika tope na vumbi, kwa magari yaliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ustadi wa dereva na utunzaji wa gari ulifidia mengi.

Upepo wa matairi

Kati ya mambo manne ya Bagnold, lile la matairi halina gharama hata kidogo, na sababu yake ni rahisi. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Gari letu la kilo 1,600 huweka kilo 400 juu ya kila gurudumu, yaani nyutoni 3,920. Tairi likiwa na kanieneo ya kilopaskali 220, ambayo wajaza upepo wetu huiita 32, eneo linalogusa ardhi ni karibu sentimeta za mraba 178. Tukipunguza upepo hadi nusu, yaani 16, eneo hilo hukaribia sentimeta za mraba 356. Katika tairi halisi ongezeko haliwi sawasawa na hesabu, kwa kuwa kuta za tairi nazo hubeba sehemu ya mzigo. Hata hivyo tairi hulala, alama yake hurefuka, nayo huelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Juu ya mawe hujikunja na kuyashika badala ya kuyaruka.

Lakini tairi lenye upepo mdogo hupata joto likikimbizwa, na joto hulipasua; laweza pia kuchomoka katika rimu kwenye kona. Kwa hiyo anayepunguza upepo aende polepole, asizidi kilometa 30 kwa saa, na awe na pampu na kipimo chake mwenyewe ili aujaze tena kabla ya kurudi katika barabara ya kawaida.

Nini kifanywe kwanza

Kwa maoni yangu mpango mwema ni huu. Kwanza, matairi mazuri ya kipimo cha kiwandani au kinachokaribia, yote manne yakiwa ya hali moja. Pampu, kipimo, jembe na mbao mbili imara. Pili, bamba la chuma la kukinga injini na difu, maana katika njia zetu jiwe moja lililofichwa na majani laweza kumwaga oili yote. Tatu, mizigo mizito iwekwe ndani ya gari, chini kabisa, karibu na katikati, na ifungwe. Nne, baada ya hayo yote, kama tumbo la gari bado lagusa ardhi, liinuliwe kidogo, kwa kazi ya fundi anayeelewa jointi na fremu.

Nami nilifanya hivyo. Nilimrudia yule fundi, tukapunguza spesa hadi sentimeta 3, na keria nikaiondoa. Kitovu cha sentimeta 63 hutoa uwiano wa 1.19 na pembe ya nyuzi 50. Fundi hakucheka, aliniambia tu kwamba wateja wengi hurudi baada ya jointi kulia, lakini mimi nilirudi mapema.

Tuongeze neno moja juu ya ardhi yenyewe. Katika hifadhi za taifa hairuhusiwi kuacha njia, na hata nje ya hifadhi alama ya gari katika udongo wa jivu huwa mfereji wakati wa mvua, na mfereji huwa korongo. Uwezo wa gari kupita mahali si ruhusa ya kupita hapo.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha haya yote kwa vifaa vya bei nafuu. Chukua ubao laini na kipande cha mti chenye umbo la tofali dogo, kiwe gari. Pigilia ufito mwembamba juu ya ubao ili kipande kisiteleze. Ufito huo ni mfano wa kingo au mtaro unaolikwaza gari. Weka kipande juu ya ubao kikiwa kimeegemea ufito, inua upande wa pili wa ubao polepole, na pima kwa protrakta pembe ambayo kipande chapinduka. Kisha bandika juu yake sarafu mbili, halafu nne, halafu sita, ukipima kila mara. Mwisho bandika sarafu hizo hizo chini, ubavuni, kama madumu ya punda, na upime tena. Wanafunzi wachore grafu ya pembe dhidi ya idadi ya sarafu, kisha waondoe ufito na kurudia ili waone lini kipande huteleza badala ya kupinduka.

Maswali kwa wanafunzi

1. Gari lina upana wa sentimeta 140 na kitovu cha uzito kilicho sentimeta 56 juu ya ardhi. Tafuta uwiano wake wa uthabiti, na pembe ya kupinduka.

2. Gari la kilo 1,200 lina kitovu cha uzito kwenye kimo cha sentimeta 60. Mwenyewe anafunga kilo 60 juu ya paa, kwa kimo cha sentimeta 180. Kitovu kipya kiko wapi?

3. Mzigo huo huo ukiwekwa sakafuni, kwa kimo cha sentimeta 40, kitovu kitakuwa wapi? Ungemshauri nini mwenye gari?

Majibu: 1. Uwiano ni 1.25, pembe ni nyuzi 51. 2. Sentimeta 65.7. 3. Sentimeta 59, shauri tumemwachia mwanafunzi.